Roboti ya chama iko kwenye barua pepe yangu, nami nastaafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nikirefusha, punguza utakavyo, ila habari ya majina na ile ya makabidhiano ziache kama zilivyo.

Wiki tatu zilizopita mlichapisha makala kuhusu mambo mapya kwenye zile programu za kompyuta zinazofanya kazi za mezani zenyewe: zinafungua faili, zinabofya, zinajaza fomu, zinahifadhi. Mimi naziita roboti. Mwandishi alizimwagia sifa, na mwishoni akatuambia makarani wa ofisi ndogo tuanze kufungasha. Mimi ni karani wa ofisi ndogo. Kufungasha nafungasha kweli, lakini umri ndio unaonifungasha. Mwezi wa sita nastaafu. Na programu hizo nazitumia, msimu wa tatu sasa. Makala ile niliisoma kalamu mkononi, kama ninavyosoma barua za chama kikuu.

Ofisi yetu ni ya chama cha msingi cha wakulima wa korosho, wilaya ya Masasi. Vyumba viwili, mizani nje, kompyuta moja. Wasomaji wa mikoa mingine huenda hawajui malipo ya korosho yanavyokwenda. Tangu msimu wa 2007/2008 huku Mtwara tunauza kwa stakabadhi ghalani: mkulima analeta korosho ghafi chamani, tunapima, tunampa karatasi yake, mzigo unakwenda ghala kuu, halafu unauzwa mnadani. Kila mnada na bei yake. Mkulima aliyeleta mara nne anaweza kulipwa kwa bei nne, na kila mara kuna makato. Fedha hazipiti mkononi, zinakwenda kwenye akaunti yake. Lakini kabla hazijafika huko kuna mtu ameketi mahali akichapa jina kwa jina, kilo kwa kilo. Mtu huyo ni mimi.

Wanachama wetu ni mia sita na arobaini na ushei. Hesabu zao ziko kwenye Excel. Programu ya malipo tuliyopewa ni ya zamani, haipokei faili. Ina jedwali la majina yaliyokwisha kupangwa, nawe unachapa kilo, unaruka, unachapa makato, unabonyeza Enter, unashuka kwa anayefuata. Dakika moja na nusu kwa kila mkulima kama dirishani hakuna mtu. Na dirishani siku zote kuna mtu. Mnada mmoja ulikuwa unanila siku nne, wakulima wamekaa chini ya mwembe wanaulizana kama Mama Karani amelala.

Hapo nyuma mpwa wangu alinitengenezea makro za Excel, yaani amri zinazokaa ndani ya faili na kujiendesha zenyewe, za kupanga makato. Zilinifaa sana. Halafu mwaka 2022 Microsoft wakaanza kuzizuia makro kwenye mafaili yanayotoka mtandaoni, na faili jipya alilonitumia kwa barua pepe likafika na utepe mwekundu juu, halifanyi kitu. Siwalaumu, virusi vingi vilikuwa vinaingilia mlango huo. Ila ndiyo siku niliyoanza kupekua kompyuta kutafuta njia nyingine, nikakuta ndani yake kitu kinaitwa Power Automate. Kumbe kilikuwemo tangu mashine inatolewa kwenye boksi. Kilitokana na kampuni moja ya Kigiriki, Softomotive, ambayo Microsoft waliinunua mwaka 2020. Machi 2021 wakaiachia bure kwa wenye Windows 10, na Windows 11 ilipotoka mwaka huo huo ikaja nacho ndani. Fundi aliyetuletea mashine hakukitaja hata kwa jina.

Kila mtu huanza na kinasa. Unakiwasha, unafanya kazi yako kama kawaida, na pembeni kinaandika: amebofya hapa, amechapa hiki. Ukimaliza una orodha ya hatua, unaiambia irudie kwa kila mstari wa Excel. Siku ya kwanza nilipoona jedwali linajijaza lenyewe, tarakimu zinashuka kama mvua ya masika, nilicheka peke yangu ofisini mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Sasa nikueleze kilichonipata, na kosa ni langu.

Vidole vyangu vilifundishwa na taipureta. Kipanya nakishika kwa lazima. Kutoka kisanduku hadi kisanduku naruka kwa kitufe cha Tab. Nilipoirekodi kazi ile niliruka kwa Tab na Enter, na mashine ikajifunza hivyo hivyo. Chapa, ruka, chapa, shuka. Haikujua inachapa kwenye mstari wa nani. Ilikuwa inafuata hesabu ya mabonyezo tu. Adhuhuri moja, katikati ya malipo, nilikisogeza kitabu cha stakabadhi ili niweke kikombe cha chai, kona ya kitabu ikagusa Enter. Mara moja tu. Mstari wa 215 ukarukwa ukabaki mtupu, na kilo zake zikaangukia mstari wa 216, za 216 zikaangukia 217, hivyo hivyo mpaka chini. Watu zaidi ya mia nne, kila mmoja kabebeshwa korosho za jirani yake wa daftarini.

Jumla ikalingana. Hapo ndipo pa kunisikiliza, Mhariri. Mwanachama wa mwisho kwenye orodha hakuwa ameleta kitu mnada ule, kwa hiyo kilichodondoka nje ya jedwali ni sifuri yake. Jumla ya kilo sawa, jumla ya fedha sawa hadi senti. Ningekuwa mtu wa kutazama jumla na kugonga muhuri, ningegonga.

Kilichotuokoa ni mzee mmoja wa kitongoji cha jirani. Shamba lake nalijua, nimepita humo mara nyingi nikienda kwa dada yangu: mikorosho kumi na kitu, mingine imezeeka hata salfa hapulizii tena. Mzee huyo hajawahi kuvuna zaidi ya gunia nne. Nilipotoa karatasi nikaanza kuipitia kwa rula, nikamkuta ana kilo 1,912. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Kilo 1,912. Nikapanda mstari mmoja juu, pale palipokuwa na jina la mkulima mkubwa mwenye trekta, nikamkuta ana kilo 96. Chai iliniganda kooni. Orodha ilikuwa bado haijatoka ofisini. Nilifuta yote nikaanza upya kwa mkono, usiku, kwa taa ya simu maana umeme nao uliamua kwenda zake, na kompyuta ikabaki inapumulia betri.

Baada ya hapo nilikaa wiki nzima najifunza kile ambacho makala yenu haikukigusa. Programu hii inaweza kukijua kisanduku kwa jina lake chenyewe, badala ya kuhesabu mabonyezo. Unakionyesha mara moja, inakishika: hiki ni kisanduku cha kilo cha mstari huu. Dirisha likisogea, haijali. Hilo la kwanza. La pili ni sharti. Kila inapofika kwenye mstari mpya, kabla ya kuchapa chochote, nimeiambia isome jina lililoandikwa pale na ililinganishe na jina la kwenye Excel. Likiwa lile lile, endelea. Likiwa siyo, simama, piga kengele, mngoje Mama Karani.

Siku ya kwanza ya sharti hilo ilisimama mara tisini na tatu. Kengele mpaka mlinzi akaomba ruhusa ya kuondoka mapema.

Tatizo lilikuwa majina. Kwenye daftari letu la chama, lililoanza kuandikwa kwa mkono wa karani wa zamani, mtu ni Mohamedi. Kwenye kitambulisho chake cha taifa ni Mohamed. Akaunti yake ilifunguliwa na kijana wa mjini akamwandika Muhammad. Saidi, Said. Zuhura, Zuhra. Issa mwenye s mbili na Isa mwenye moja, na ni mtu mmoja. Kwenye dirisha la malipo namba ya uanachama haimo na namba ya akaunti imefichwa, jina ndilo peke yake unaloliona. Mpwa wangu akanishauri nilegeze: majina yakikaribiana, ipite. Nilikataa. Pale kijijini kuna nyumba moja ina Saidi Saidi baba na Saidi Saidi mtoto, tofauti yao ni jina la babu, ambalo mmoja analiandika na mwingine anaweka herufi moja na nukta. Kila mmoja ana shamba lake na akaunti yake, na hawaamkiani tangu walipogombania mpaka. Ukilegeza sharti kwa hao wawili, umewasha moto kwenye nyumba ya makuti.

Basi nikaongeza safu ya tatu kwenye Excel, nikaiita JINA LA AKAUNTI. Nikaijaza kwa kuwaita wakulima mmoja mmoja wakati wa kiangazi, kila mtu na kitambulisho chake na kadi yake ya benki, tunasoma pamoja herufi kwa herufi. Wengine walikuwa hawajawahi kugundua kwamba kadi inawaita vingine. Bibi mmoja alichukia kabisa. "Mwanangu, huyu Zainabu asiye na u mwishoni ni nani? Mimi simjui." Roboti yenyewe ilinichukua jioni mbili kuitengeneza. Safu ile ilichukua wiki mbili na siku tatu. Sasa kwa mnada mmoja kengele inalia mara tatu au nne, na kila inapolia kuna jambo la kweli: mtu amefariki, mtu amebadilisha akaunti, mtu ameandikwa mara mbili.

Ndiyo maana ile sehemu ya makala kuhusu Copilot, akili bandia ya Microsoft, ilinipa shida. Ni kweli siku hizi unaweza kuieleza programu kwa maneno unachotaka, nayo ikakupangia hatua. Mkwe wangu wa Dar es Salaam, ambaye ofisi yao inalipia, alinionyesha nilipokwenda kumwona mjukuu. Kapanga sentensi mbili kwa Kiingereza, hatua zikajitokeza mbele yangu, nzuri tu. Nikamuuliza, hebu iambie habari ya Saidi Saidi. Akacheka. Hakuna wa kuiambia kitu ambacho hakijaandikwa popote, na hicho ndicho kilichokuwa kinakula siku zangu, siyo kuchapa.

Kuna jipya moja ambalo mwandishi wenu alilipitia kwa nusu mstari, nalo mimi ningeliandikia ukurasa mzima. Zamani roboti ikifanya kazi inakunyang'anya kompyuta. Kipanya kinatembea chenyewe, nawe unakaa mikono mapajani. Kwenye kiti changu nilikuwa naweka karatasi: MSIGUSE, INALIPA. Hata hivyo mjumbe wa bodi alikuja akataka kuangalia matokeo ya mpira. Sasa wameweka uwezo wa roboti kufanyia kazi ndani ya dirisha lake dogo, peke yake, na wewe ukaendelea na barua zako pembeni. Hapo kona ya kitabu cha stakabadhi haina madhara tena. Nililiona kwa mkwe wangu huyo huyo. Nilitamani kulia, nikikumbuka ule mstari wa 215.

Nije kwenye lililonifanya nichukue kalamu.

Kuitumia programu hii bure lazima uingie kwa akaunti ya Microsoft. Chama chetu hakina. Barua pepe iliyoko kwenye karatasi zetu zenye nembo ni ya katibu aliyeondoka zamani, na nenosiri aliondoka nalo. Kwa hiyo niliingia kwa akaunti yangu mwenyewe, ile yenye picha ya mjukuu. Na kwa akaunti ya namna hiyo, kila unachokitengeneza kinahifadhiwa kwenye OneDrive yako binafsi, yaani ghala lako la mafaili mtandaoni. Toleo la bure halikupi nafasi ya kumshirikisha mwenzako kazi yako, wala kuipangia saa ianze yenyewe. Hayo ni ya wanaolipia. Silalamiki, cha bure kina mipaka yake. Lakini tazama tulipofika: malipo ya wakulima mia sita na zaidi yanategemea kitu kilichoko kwenye barua pepe ya mwanamke mmoja anayestaafu mwezi wa sita. Nikiugua leo, nikipoteza simu inayopokea namba za siri, hakuna anayeweza kuifungua. Nikiwa mtu wa shari, naondoka nayo, na hakuna sheria ya chama itakayonishika kwa sababu hakuna mahali ilipoandikwa.

Nilimweleza mwenyekiti. Akasikiliza vizuri, ni mtu mwungwana.

"Mama Karani, hiyo roboti ina namba ya mali?"

"Haina, Mwenyekiti."

"Iko kwenye leja?"

"Haiko."

"Basi kiutaratibu," akasema, "haipo."

Na hakukosea. Fomu yetu ya makabidhiano ninayo hapa mezani. Funguo za ghala, tatu. Mihuri, miwili. Mizani, mmoja, na cheti cha wakala wa vipimo. Vitabu vya stakabadhi, vilivyotumika na visivyotumika. Mashine ya kubania karatasi, moja. Kompyuta, moja, rangi nyeusi. Rangi imetajwa. Kazi iliyomo ndani haikutajwa.

Nina hakika siko peke yangu. Makatibu wa SACCOS, walimu wa taaluma wanaotengeneza ripoti za wanafunzi, wauguzi wanaojaza takwimu za mwezi, wengi wamejitengenezea vitu kama hiki kimya kimya, kwa barua pepe zao, usiku, kwa bando lao. Siku wakihamishwa, ofisi itaamka asubuhi haijui kwa nini kazi ya saa moja imerudi kuwa ya siku nne. Na mbaya zaidi ni ofisi ambayo kitu kitaendelea kukimbia bila mtu anayejua kinasimama lini na kwa nini. Ningeomba ukurasa wenu wa teknolojia mwaka huu uache kidogo habari za maajabu, uwaulize watu hawa. Na ningewaomba maafisa ushirika, wanaosoma gazeti hili najua, waongeze mstari mmoja tu kwenye ile fomu: kazi zinazofanywa na kompyuta yenyewe, nani alizitengeneza, ziko kwenye akaunti ya nani. Haina gharama. Ni wino.

Sisi tumefanya lililowezekana. Tumekifungulia chama barua pepe yake, nenosiri limo kwenye bahasha ndani ya sefu, na mwenyekiti ndiye mwenye ufunguo. Halafu nikagundua kwamba ukizichagua hatua zote kwenye programu hii na kuzikopi, ukienda kuzibandika kwenye Notepad, ile programu ya kuandikia maandishi matupu, zinatoka kama maandishi. Maandishi hayo ukiyabandika kwenye akaunti nyingine, yanarudi kuwa hatua. Ndivyo nilivyoihamisha kutoka kwangu kwenda kwa chama. Vile vile niliyachapisha kwenye karatasi. Kurasa kumi na moja, nimezitoboa nikazitia kwenye Faili la Malipo, kila ukurasa na muhuri, na pembeni ya kila hatua nimeandika kwa kalamu ya bluu, kwa Kiswahili, kwa nini ipo. Mwenyekiti alipoona muhuri alitulia. Akaipa namba ya mali.

Anayenirithi ni binti wa kidato cha nne, mwepesi, ameanza Februari. Jioni, dirisha likishafungwa, tunakaa naye na zile kurasa. Juzi tulifika hatua ya 31, ambayo inasema: subiri sekunde tatu. Pembeni yake sikuwa nimeandika kitu.

"Mama, kwa nini tatu?"

Nilifikiri kidogo. Niliiweka wakati ule tuna mashine ya kwanza, dirisha la makato lilikuwa linafunguka kwa kujivuta, hasa mchana kukiwa na joto. Mashine tuliyonayo sasa ina kasi zaidi. Nikamwambia sijui kama bado inahitajika.

Akaweka mbili, akaijaribu kwenye nakala ya mnada wa mwisho. Ikapita yote bila kengele. Akaweka moja, mstari wa tisa kengele ikalia. Akarudisha mbili. Nikafuta tatu kwa kalamu, nikaandika mbili, nikamwambia aweke sahihi yake pembeni.

Wako,
Mama Karani,
Masasi, Mtwara